Ati maktaba ni ya wanafunzi tu? Tuongee ukweli kuhusu maktaba na kompyuta

Kuna maneno watu wanasema kuhusu maktaba na kompyuta ambayo si kweli. Ya kwanza iko kila mahali, ati maktaba ni ya vijana wa fomu foo wanaotafuta mahali kimya pa kusomea mtihani wa KCSE. Kweli wamejaa huko, lakini matawi mengi ya KNLS, shirika la maktaba la taifa la Kenya, yana kompyuta na intaneti na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia, mama mboga, mtu wa boda, mzee amestaafu, hakuna anayekuuliza ulifika darasa la ngapi. Hao KNLS ndio walianza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa mwaka 1996 juu wafugaji wanahama, na tawi la Kibera likaleta tableti watoto wasomee hapo hapo, sasa wewe unaogopa mlango wa nini?

Halafu kuna ya "siku hizi kila mtu ana simu, nani bado anahitaji kufunzwa". Hapa ndio tunakosea sana. M-Pesa iko tangu 2007 na nyanya zetu wanatuma pesa bila shida, lakini fomu ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ni kitu kingine kabisa, unaambiwa skani kitambulisho, fanya iwe PDF, punguza saizi, apulodi. Mtu anaweza kushinda WhatsApp mchana kutwa na akwame hapo. Nimeona mama akiandika pasiwadi, anaona vidoti badala ya herufi, anafuta anaanza upya, anafuta tena, akidhani mashine imekataa maneno yake, hadi dada wa maktaba akamwambia pole pole, mama hizo doti ni za kukuficha mtu wa nyuma asione. Hicho kitu hakuna simu ingemwambia.

"Si kuna saiba, yale maduka ya intaneti?" Ndiyo, na silaumu watu wa saiba hata kidogo, wana foleni na wanalipwa kwa kazi, si kwa kufundisha. Shida ni vile kazi inafanywa, unakaa kando, mtu anakufungulia akaunti kwa imeili yake na mara nyingine kwa namba yake, pasiwadi inabaki kwa daftari yake, unalipa unaenda. Mwaka ukiisha KRA, watu wa ushuru, wanataka ritani, yaani ripoti ya mapato yako, hata kama huna mapato lazima ufaili nil, yaani sifuri, kufikia 30 Juni kama una PIN, namba yako ya ushuru, sasa unajaribu kuingia na OTP, ile namba ya siri ya kuingilia, inatumwa kwa simu ya mtu mwenye alishafunga duka akahamia mtaa mwingine. Ukichelewa faini ni shilingi 2,000. Kwa maktaba mkutubi mzuri hashiki mausi yako, anakuacha ubonyeze mwenyewe hata mkichukua lisaa lizima kwa ukurasa mmoja, unatoka na imeili yako, pasiwadi unaijua wewe, na umeonyeshwa kulogi auti kabla ya kuinuka. Kwa hivyo ukienda, beba kitambulisho na simu yenye laini yako mwenyewe.

Ati wazee hawashiki? Wanashika. Wanataka tu mtu asiyewakimbiza na herufi zikuzwe kwenye skrini, basi.

Ya mwisho inaniuma: watu wanadhani ukileta kompyuta 10 na utepe wa kukata umemaliza. Kompyuta bila mkutubi aliyefunzwa, bila stima ya uhakika na bila mtu wa kulipia intaneti kila mwezi zinakaa zimefunikwa plastiki. Na tukilalamika tunalalamikia serikali kuu Nairobi, ilhali Katiba ya 2010 iliweka maktaba kwa majukumu ya kaunti. Kaunti yako ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, uliza maktaba imetengewa ngapi, na kati ya hizo ngapi ni za mshahara wa mtu wa kukaa na watu kwa kompyuta.