Fundi, niwekee Dvorak

Haipiti wiki bila mtu kuniletea kompyuta yake na ombi lilelile: "Fundi, niwekee Dvorak, kidole kinaniuma." Dvorak ni mpangilio mwingine wa herufi kwenye kibodi, tofauti na ule wa kawaida wa QWERTY, na wanaamini utawapumzisha vidole. Juzi alikuja dada wa steshenari anayechapa tasnifu za wanafunzi kutwa nzima. Nikamuuliza ni kidole kipi. Kile cha mwisho, mkono wa kushoto. Nilijua!

Dvorak haikigusi kidole hicho. Herufi A, ambayo sisi tunaichapa kuliko zote (hebu zihesabu kwenye "wanafanana"), inabaki palepale ilipo kwenye QWERTY. Colemak, mpangilio mwingine wa mwaka 2006, nayo imeiacha hapohapo. August Dvorak na shemeji yake William Dealey, waliopata hataza mwaka 1936, walipanga herufi kwa ajili ya Kiingereza. Irabu zote wakazipeleka kushoto, na K, ambayo Waingereza hawaitumii sana, wakaitupa huko huko kushoto safu ya chini. Sasa chapa "kupika", "jiko", "kuku", "paka", "kikao". Mkono wa kulia haugusi hata herufi moja! Halafu wiki kadhaa za mwanzo unatafuta herufi kama mtoto wa chekechea, na huyu dada analipwa kwa ukurasa.

Kilichokuwa kinamuumiza ni Ctrl. Kunakili, kubandika, kuhifadhi, kutendua: kila mara kidole kidogo kinajikunja kwenda pembeni kabisa chini, huku kingine cha mkono uleule kikitafuta C au V. Na jirani kabisa na A kipo kitufe kikubwa kisicho na kazi ya maana, Caps Lock. Nikakifanya kiwe Ctrl, basi. Kitufe kimoja tu! Kwenye Windows natumia Keyboard Manager iliyo ndani ya PowerToys, programu ya Microsoft. Kwenye Mac imo ndani ya mipangilio ya kibodi. Wa Linux inayotumia X11 (mfumo wa zamani wa kuonyesha skrini) andika kwenye terminali `setxkbmap -option ctrl:nocaps`. Akauliza, "Na vichwa vya habari vya herufi kubwa?" Kwenye Word chagua maneno, bonyeza Shift na F3. Kama wewe ni wa kukosea na kufuta sana, Caps Lock ifanye Backspace. Ila chagua kimoja, ukizoee, ndipo uguse kingine. Wanaobadilisha vitufe kumi siku moja hurudi kesho yake niwafutie vyote.

Wapo wanaoogopa kuwa nitaua kompyuta. Programu inabadili maana ya kitufe tu; ukifuta badiliko hilo, mambo yanarudi kama zamani. Ila PowerToys inafanya kazi ikiwa imewashwa, kwa hiyo kwenye ukurasa wa kuingia Caps Lock bado ni Caps Lock, na nywila inakataliwa, na mimi napigiwa simu alfajiri. Ukitaka mabadiliko yawepo hata hapo, tumia programu nyingine, SharpKeys, kisha uwashe kompyuta upya. Mwambie na mwenzako mnayetumia mashine moja, maana yatamhusu naye.

Kung'oa vitufe na kuvipanga upya? Unahamisha maandishi tu, kompyuta haijui lolote. Kwenye kompyuta mpakato utaambulia kuvunja vile vishikizo vya plastiki.

Kwamba QWERTY iliundwa makusudi ili watu wachape polepole, nimechoka kuisikia. Kinachosimuliwa zaidi ni kwamba Sholes, aliyeiunda, alitaka nyundo za taipureta zisigongane, na hata hilo linabishaniwa, kwa sababu E na R, zinazofuatana kila mara katika Kiingereza, amezipanga bega kwa bega. Vyovyote iwavyo, kidole chako kinaumia leo.

Na kitufe kipya si dawa. Ganzi inayokuamsha usiku ipeleke hospitali, usiniletee mimi. Yule dada nilimfuata kazini kwake nikakuta kaunta inamfika karibu na kifua, viganja vimekunjwa kuelekea juu. Tukaanza na kumtafutia kiti kirefu.