Usiku Amani: usitafute macho, tafuta mkia uliojikunja

"Tumetembea saa nne nzima, hatujaona kitu." Kila msimu nasikia hivyo kutoka kwa wageni wanaoshuka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kule Muheza, na wengi huongezea kwamba wanyama wako Serengeti. Hapana. Msitu wa Usambara Mashariki umejaa. Ila ukiingia kwa mwendo wa kwenda sokoni, jua limesimama utosini, macho yakitafuta kitu kikubwa kinachotembea mbali, utawapita wanyama kwa umbali wa mkono na hutajua.

Mchana nitaupitia haraka. Mbega na kima watafute kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Simama sehemu moja robo saa bila kuongea, ndipo utasikia matawi yakitikisika. Hondohondo utasikia mabawa yake kabla hujamwona. Ukisikia kitu kinachakura majani makavu kwa mbwembwe kuliko ukubwa wake, usisogee, huenda ni njule, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga.

Kazi yenyewe ni usiku, na mnyama wa kuanza naye ni kinyonga.

Kwanza, kinyonga si mnyama wa usiku. Mchana ndio anawinda, anaota jua, anagombana. Usiku tunamwona kwa urahisi kwa sababu amelala na amepauka. Mwanga wa tochi ukimpiga, mwili wake unaonekana mweupe wa manjano au kijani hafifu katikati ya majani ya kijani kilichoiva. Mchana kinyonga yuleyule, kwenye tawi lilelile, unaweza kumtazama usoni usimwone.

Aliyezoea mbugani hupiga tochi mbali na kungoja macho yang'ae. Kwa komba ni sahihi, macho yake hurudisha mwanga kama makaa. Kwa kinyonga unapoteza usiku wako: amefumba kope, na hata akiwa macho, jicho lake halirudishi mwanga namna hiyo. Tafuta umbo. Anza saa mbili usiku, giza likiwa limekamilika. Shika tochi usawa wa jicho lako, si kiunoni, ili mwanga na macho vifuate mstari mmoja. Tochi ya kichwani ya kawaida inatosha. Ile kali ya walinzi inang'arisha kila jani na kuua tofauti unayoitafuta. Mita mia moja zikuchukue dakika ishirini. Usimulike shina wala katikati ya kichaka, mulika ncha za vijiti vyembamba vilivyojitokeza njiani. Hapo ndipo anapolala, kwa sababu nyoka akipanda, kijiti hutikisika, na kinyonga hujiachia akaanguka chini.

Jani lililokauka litakudanganya mara kumi za mwanzo. Lakini jani huning'inia, kinyonga hushika. Sogea taratibu uangalie: vidole vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, viwili upande huu na vitatu upande ule, vimekibana kijiti. Mkia umejikunja duara, bapa, kama utepe uliozungushwa kidoleni. Jicho ni kinundu kilichofunikwa kwa ngozi yenye chembechembe, na katikati kuna tundu dogo kuliko kichwa cha pini. Tundu hilo likianza kuzunguka kukutafuta, umeshamwamsha.

Mvua ikiwa imetoka kunyesha, ngoja majani yachuruzike, la sivyo kila tone ni kinyonga. Wale vinyonga vibete, wafupi kuliko kidole chako, hulala chini, mara nyingi chini ya goti, kwenye mimea laini ya kando ya njia. Ndiyo maana nasema kwa ukali: usitoke njiani. Hatua moja pembeni unaweza kukanyaga kile ulichokuja kukiona, na mara nyingine siafu. Suruali iingie ndani ya soksi.

Dume mkubwa wa kinyonga aina ya Trioceros deremensis, aliyepewa jina la Derema hapohapo jirani na Amani, hahitaji mtaalamu: pembe tatu puani na mgongo ulioinuka kama tanga. Jike hana pembe. Vibete ni habari nyingine. Vitabu vinawatenganisha kwa mistari na vishimo vya ngozi, lakini usiku, kwa tochi, akiwa amepauka na amejikunja, mimi humwandika "kibete" na kuishia hapo. Anayetaja spishi kwa uhakika kwa kila kibete wa usiku, ninamtilia shaka.

Sasa lile linalonikera kuliko yote. Mtu anaomba kinyonga ashushwe, awekwe juu ya kanga nyekundu, "tuone akibadilika." Lugha yetu yenyewe imemsingizia: mwanasiasa akihama chama tunamwita kinyonga. Lakini kinyonga hanakili kitambaa. Rangi yake hufuata hali yake. Asubuhi yenye baridi hujifanya mweusi ili anyonye joto la jua. Dume akikutana na dume mwenzake hung'aa. Akiogopa huwa na giza na mabaka, hujivimbisha na kupanua kinywa. Unachokiona juu ya kanga ni hofu.

Namna inavyotokea inajulikana vizuri kiasi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza, kwa kinyonga wa Madagascar, kwamba ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo mno. Akitulia, fuwele hukaribiana na kurudisha buluu, ambayo ikipita kwenye manjano ya ngozi tunaiona kijani. Akisisimka huachana, rangi ikaelekea manjano na nyekundu.

Hata hivyo wanaosema kinyonga hajifichi kwa rangi kabisa nao wamefunga mjadala mapema. Kuna vinyonga wadogo wa Afrika Kusini waliopimwa wakionekana kujificha kwa namna tofauti mbele ya ndege na mbele ya nyoka. Kwa hawa wa Usambara, naona umbo la jani na mwendo wa kuyumbayumba vinawaficha zaidi kuliko rangi.

Kwa hiyo usimguse. Wala usimruhusu mwongoza wageni avute tawi ili upate picha, kwani kosa linakuja anapoliachia: tawi hurudi kama manati, kinyonga anaruka gizani. Mmulike nusu dakika, mwanga uwe kando yake kuliko usoni, kisha songa. Akiamka na kuanza kutembea, anatafuta kijiti kipya gizani, na kuna wanaomla. Nusu dakika hiyo ni makadirio yangu tu. Pengine hata hiyo ni ndefu.

Wengine hupita kwanza kwenye bustani ya wanyama. Sawa, lakini kagua kizimba. Kinyonga hanywi kwenye bakuli, hulamba matone kwenye majani. Kama hakuna majani yanayonyunyiziwa maji, ana kiu. Macho yaliyozama mchana na rangi ya giza muda wote ni dalili mbaya. Kuta ziwe za wavu, hewa ipite, na kila kinyonga awe peke yake. Wawili waliofungiwa pamoja hawakai kirafiki, wanatishana kutwa.

Jambo la mwisho kabla ya kupiga picha: zima utambuzi wa mahali kwenye simu. Vinyonga hawa walikuwa wakiuzwa nje kwa wafugaji hadi Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na bado picha yenye alama ya mahali humwelekeza mkamataji hadi kwenye kichaka, kwa mnyama ambaye huenda akalala palepale kesho. Ukiweka mtandaoni, andika "Usambara Mashariki."