Kukariri Ukurasa si Kusoma

Wiki hii mzazi mwingine amenieleza, kwa furaha tele, kwamba mwanawe wa darasa la kwanza "amemaliza kitabu". Kauli hiyo nimeichoka, kwa sababu mara nyingi kitabu kilichomalizwa kimemalizwa kwa kukaririwa. Mtoto wa aina hii ukimwekea kidole kwenye neno lililo katikati ya mstari na kumwuliza ni neno gani, hurudi mwanzo wa mstari, akaughani wote kwa kunong'ona hadi alifikie. Ukiziba picha, hadithi nayo humpotea.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2015 ulizipa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, sehemu kubwa ya muda wa darasani, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na wanaodhani kwamba K ya kwanza hukamilika pale sauti inapotoka kinywani. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu mno: mtoto aliyezishika irabu tano na silabi zake, akavuka vikwazo vya ng', ny na mbw, anaweza kutamka sentensi yoyote utakayomwandikia, ikiwamo ile asiyoielewa hata kidogo, na unyoofu huo ndio unaotuhadaa, hasa kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kisukuma au Kihaya. Mpe asome: "Bibi alimtuma Asha dukani, lakini Asha alirudi mikono mitupu kwa kuwa mwenye duka alikuwa msibani." Atasoma bila kukwama. Mwulize kwa nini Asha hakuleta kitu, naye atakujibu kwa kujiamini kabisa: "Dukani." Amelinyakua neno lililomkaa masikioni, habari yenyewe haikumfikia.

Wazazi mnaofundisha herufi kwa majina yake ya Kiingereza, nawasihi muache. Mtoto aliyefundishwa "bii, ei, bii, ei" atafikaje kwenye baba?

Kuandika nako kusipimwe kwa daftari lenye mwandiko mzuri ulionakiliwa ubaoni. Imla ya sentensi ngeni itasema kweli. Katika kuhesabu, usistaajabie wimbo wa moja hadi 100. Mwambie aanzie 37, na akilazimika kurudi kwenye moja, ujue anaimba.

Ninapositasita mimi mwenyewe ni kwenye kupima kasi ya kusoma kwa idadi ya maneno kwa dakika. Kasi ina maana, kwa kuwa mtoto anayejikongoja silabi kwa silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Lakini "hawakutuambia" ni neno moja lenye silabi saba, lililobeba watenda, ukanushi, wakati na watendwa, ilhali "na" pia ni neno moja. Kwenye saa ya mpimaji yote mawili yana alama sawa. Vifungu viwili vya maneno 40 vinaweza kutofautiana sana kwa uzito, na mtoto yuleyule akaonekana hodari Jumatatu na mzito Jumanne. Saa bado naitumia, ila uamuzi siutoi kabla mtoto hajafunga kitabu na kumsimulia mwenzake ambaye hakuwapo wakati kikisomwa. Mwenzake akiuliza, "Kwa hiyo Asha alirudi na nini?" na msimuliaji akalijibu, hapo ndipo ninapojaza fomu yake ya upimaji.