Gundi Haishiki Kila Kitu: Dhana Potofu za Mapambo ya Krismasi ya Nyumbani

Wiki iliyopita mama mmoja niliyemfundisha mwezi Novemba alikuja na mfuko, akaumwaga juu ya meza yangu. Vilikuwa vitako vya chupa za soda, vile vyenye matuta matano, ambavyo ukivikata vizuri vinatoka kama ua. Alivikata vizuri kweli, hata kingo alizipiga msasa. Kila ua lilikuwa limebandikwa utepe wa kuning'inizia, na kila utepe ulikuwa umebanduka. "Mwalimu," akaniambia, "gundi za siku hizi ni feki."

Ni mtu wa nne kunipa maneno hayo hayo tangu mwezi uanze. Mwaka jana niliyasikia, na mwaka juzi. Wengine hawasemi gundi ni feki, wanasema takataka haziwezi kuwa mapambo, wanakwenda zao dukani. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kazi ya mikono yao ilikuwa nzuri.

Nilichukua ua moja, nikapitisha ukucha pale gundi ilipokuwa. Ikatoka ngozi nzima, nyembamba, inang'aa, na michirizi ya chupa imechapika juu yake. Gundi ile haikuwa feki hata kidogo. Ilikauka vizuri, ikawa ngumu, ila haikuwa na mahali pa kuingia.

Gundi nyeupe, ile tunayoita ya mbao, ina maji mengi ndani yake. Inashika pale maji yanapotoka na gundi yenyewe imeshajipenyeza kwenye vitundu vya kitu unachobandika. Mbao ina vitundu, boksi lina vitundu, trei ya mayai ndiyo usiseme, inafyonza kama mkate kwenye chai. Chupa ya plastiki haina. Gundi inalala juu yake, inakauka, basi. Ukiligusa pambo linaachia. Ukinunua gundi ya bei mara tatu ya aina hiyo hiyo, itaachia vilevile.

Kwa hiyo, kabla hujashika gundi, jaza beseni maji. Kata kipande kidogo cha plastiki unayotaka kutumia, kizamishe kwa kidole mpaka mapovu ya hewa yaishe, kisha kiachie. Mwili wa chupa ya maji au soda utazama. Kifuniko cha chupa hiyo hiyo kitaelea. Kipande cha dumu la mafuta ya kula kitaelea, na makopo mengi ya majarini pia. Hizo zinazoelea ni plastiki za jamii nyingine, mara nyingi zina namba 2 au 5 kwenye kile kipembetatu cha chini, na karibu hakuna gundi ya dukani inayozishika kwa kudumu. Usipoteze hela yako. Inayozama, ya namba 1, unaweza kuibembeleza: ipige msasa sehemu ya kubandika mpaka ipoteze mng'ao, ifute vumbi, halafu tumia gundi inayofaa plastiki.

Lakini mimi ukiniuliza, nitakwambia uache gundi kabisa kwenye plastiki. Toboa, funga. Nimesema hivi kwa miaka mingi na nitaendelea kusema. Msumari mwembamba uliopashwa moto jikoni, umeshikwa kwa koleo, unapenya kitako cha chupa kwa sekunde moja (fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta). Pitisha uzi wa katani, au mshipi wa kuvulia, au waya wa shaba uliochunwa kwenye ekstensheni iliyokufa. Vifuniko vya chupa vikitobolewa katikati na kutungwa kwenye waya kama shanga, vyekundu kwa kijani, vinatoka shada la mlangoni ambalo mtoto anaweza kulivuta na lisitoe hata kifuniko kimoja. Visoda navyo ni hivyo hivyo: nyundo, msumari, kipande cha mbao chini yake.

Ninaposema gundi inayofaa plastiki, najua watu wanakimbilia supaglu. Inashika, ndiyo, ila inaacha ukungu mweupe kuzunguka tone, na kwenye chupa safi ukungu huo unaonekana kutoka mbali. Tena ni gundi kavu, haina unyumbufu. Pambo likianguka sakafuni mara moja, kiungo kinakatika kama biskuti.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Usiiweke supaglu kwenye pamba. Kila mwaka kuna anayetaka kubandika pamba juu ya nyota ili ifanane na theluji, na anachukua supaglu kwa sababu ina haraka. Gundi hiyo ikikutana na pamba inawaka joto kwa ghafla. Kijana mmoja darasani kwangu alibonyeza kipande cha pamba kwa kidole gumba, moshi mwembamba ukapanda, na kabla sijafika kwake alikuwa ameshaungua. Ukivaa glavu za pamba kujikinga, ndiyo umeongeza hatari. Pamba ibandike kwa gundi nyeupe, isubiri ikauke, au ishone kwa mishono miwili.

Gundi ya moto, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa kibunduki, ni rafiki yangu kwenye maboksi na vitambaa. Ila kumbuka kilichoyeyuka kwa moto kinalainika kwa joto. Nyumba ya bati isiyo na dari, saa nane mchana mwezi Desemba, si mahali pa kuning'iniza nyota iliyoshikwa kwa gundi hiyo peke yake. Dirisha la magharibi vilevile. Tia tone la gundi liweke kitu mahali pake, halafu funga kwa uzi.

Hata pale gundi nyeupe inapofaa, watu wa Pwani wanaiharakisha. Vuli inakuwa haijaisha, hewa imejaa unyevu, na mtu anapaka tabaka nene kama siagi akitegemea baada ya nusu saa ining'inie. Tabaka nene linalowesha boksi, boksi linajikunja. Paka nyembamba, bana kwa vibanio vya nguo au weka chini ya vitabu, ondoka mpaka asubuhi.

Hayo ndiyo ya gundi. Mengine yatanichukua maneno machache.

"Mapambo ya kuokoteza yanaonyesha hatuna hela." Nimeyasikia haya hata kwa watu wenye magari mawili uani. Moja ya habari za zamani kabisa zilizoandikwa kuhusu mti wa Krismasi uliopambwa ni ya Strasbourg, mwaka 1605, na juu ya mti huo walitundika mawaridi ya karatasi za rangi, matofaa, vitu vitamu na vijikaratasi vya kung'aa. Karatasi, mkasi na matunda ya nyumbani. Mipira ya kioo ya Lauscha, Ujerumani, ilikuja kushika miti ya watu karne ya 19. Ile ya plastiki ya dukani ni mgeni wa juzi.

"Bila glita halipendezi." Glita nyingi ni vipande vya plastiki iliyopakwa alumini. Inamwagika sakafuni, inafagiliwa nje, mvua inaipeleka mtaroni, na mtaro unajua unakokwenda. Umoja wa Ulaya ulianza kuipiga marufuku glita ya plastiki inayouzwa ikiwa huru tangu Oktoba 2023. Mng'ao unao jikoni tayari: boksi la maziwa yanayokaa muda mrefu. Lipasue, lioshe, ligeuze, ndani ni fedha tupu. Kata vipande vya upana wa kidole, vikunje, shona kwa sindano nene au piga stepla. Upande huo wa fedha umefunikwa na plastiki nyembamba, kwa hiyo gundi nyeupe hapo ni yale yale ya mama na maua yake.

"Ni pambo tu, kwani linaliwa?" Ndiyo, linaliwa. Linaliwa na sisimizi, mende na panya. Boksi la juisi ambalo halikuoshwa litawaita kabla ya mkesha. Osha kwa maji ya sabuni, suuza, anika juani siku nzima. Trei ya mayai haioshwi, ni karatasi. Ikiwa ina yai lililopasuka au kinyesi cha kuku, itupe, hasa kama watoto ndio watakaoikata, maana vimelea vya kuhara huishi humo. Zipo trei safi za kutosha kwa muuza chipsi yeyote, omba tu.

"Rangi ya kupuliza inafaa popote." Lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni, ukilipulizia rangi hiyo linaliwa mbele ya macho yako, linabaki mashimo kama mbao yenye mchwa. Vimumunyishi vya rangi ndivyo vinavyoliyeyusha, na gundi ya fundi viatu inafanya hivyo hivyo. Tumia rangi ya maji na brashi.

"Mifuko mbadala haifi." Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 1, 2019, kila nyumba ina rundo la hii mifuko laini inayofanana na kitambaa, na ile myekundu inatoa maua mazuri sana. Lakini nayo ni plastiki, na jua ni adui yake. Ua la mfuko mbadala ulilolifunga getini litaanza kupukutika unga mikononi. Liweke sebuleni. Getini weka vifuniko vya chupa au makopo.

"Mshumaa ndani ya boksi lililotobolewa nyota unapendeza." Unapendeza mpaka upepo wa feni uulalishe. Mshumaa ni wa kwenye kopo la bati, pembeni kabisa ya karatasi, pamba na matawi, na awepo mtu mzima chumbani. Tawi la msaiprasi lililokatwa wiki mbili zilizopita limekauka hata kama bado ni la kijani, na linashika moto kwa kasi ambayo ndoo moja ya maji haitaiwahi. Ukitaka nyota ya boksi iwake, tia ndani taa ndogo za LED za betri. Zile taa za zamani za waya mwembamba unaowaka zina joto, zisiguse karatasi.

La mwisho ni hili, kwamba mapambo ya kutengeneza nyumbani ni ya msimu mmoja. Yanakuwa ya msimu mmoja kwa sababu Januari tunayatia kwenye mfuko, tunaufunga, tunausukuma uvunguni kwenye unyevu. Yafute vumbi, yafunge moja moja kwenye gazeti kavu, yapange kwenye boksi, boksi lipande juu ya kabati. Yaliyotengenezwa kwa unga wa ngano usiyaweke pamoja na mengine, maana panya akiyafuata atapitia na yasiyo yake.

Yule mama tulikaa naye mpaka jioni. Tulipasha misumari miwili kwa zamu, tukatoboa maua yote, na tepe zile zile zikarudi, safari hii zimefungwa fundo. Aliondoka ameyavaa mawili shingoni, na ngozi za gundi ameniachia mezani, nimezihifadhi kwenye kikombe niwaonyeshe wanafunzi wa Jumamosi.