Benki ya chakula ni nini, na inaisaidiaje kaya yenye njaa?

Benki ya chakula ni taasisi isiyotafuta faida inayokusanya chakula salama kilichozidi au kilichochangwa, ikakikagua, ikakihifadhi na kukifikisha kwa watu ambao kipato chao hakiwatoshi kula vizuri. Chakula hicho hutoka kwa wakulima, viwanda, maduka makubwa na watu binafsi, na kingine hununuliwa kwa fedha za michango.

Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 huko Phoenix, Arizona, nchini Marekani. John van Hengel, aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini, alikutana na mama aliyekuwa akitafutia watoto wake chakula katika mapipa ya taka ya duka. Mama huyo ndiye aliyemwambia kwamba ingefaa pawe na mahali ambapo wenye ziada wanaweka na wenye shida wanachukua. Naona ni haki kumtaja, maana wazo hili lilitoka kwa mtu aliyeijua njaa yenyewe.

Mpangilio haufanani kila mahali. Marekani, benki ya chakula kwa kawaida ni ghala kubwa linalosambaza chakula kwa makanisa, shule na vikundi vya mitaani, na hao ndio wanaomkabidhi mwananchi. Uingereza, jina hilohilo hutumika zaidi kwa kituo anachokwenda mhitaji mwenyewe, mara nyingi akiwa na vocha, yaani hati ya kuonyesha kwamba anahitaji msaada, aliyopewa na daktari, shule au ofisi ya ushauri, na akapata chakula cha dharura cha angalau siku 3.

Lakini msaada wenyewe hauwezi kueleweka bila kujua njaa inavyoingia nyumbani, kwa sababu haianzi siku sufuria inapokuwa tupu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huipima kwa maswali 8. La kwanza linauliza kama mtu amekuwa na wasiwasi wa kukosa chakula, na la mwisho kama amepitisha siku nzima bila kula. Katikati kuna kula aina zilezile kila siku, kuruka mlo, kupunguza kiasi. Kwenye nyumba nyingi mzazi ndiye anayetangulia kujinyima, akisema ameshiba, na jirani asijue lolote.

Chakula ndicho kinachominywa kwanza kwa sababu ndicho kinachominyika. Mwenye nyumba hapokei nusu ya kodi na nauli haipungui, ila mlo wa jioni unaweza kuachwa. Hapo ndipo benki ya chakula inaposaidia kuliko watu wengi wanavyodhani. Kapu la vyakula likiingia ndani, pesa iliyokuwa iende sokoni inalipa kodi iliyochelewa au inanunua dawa. Familia inapata nafasi ya kupumua, na wakati mwingine nafasi hiyo ndiyo inayowaepusha kukopa kwa riba ya kuumiza.

Kazi kubwa hufanyika kwenye meza ya kuchambulia. Wanaojitolea hupitia kila kitu kwa mkono. Kopo lililovimba hutupwa papo hapo, kwa kuwa uvimbe huo unaweza kuwa gesi ya bakteria, na lililobonyea vibaya kwenye mshono nalo halipiti. Tarehe zinahitaji umakini pia. “Tumia kabla ya” inahusu usalama, hivyo ikipita chakula hakigawiwi, lakini “bora kabla ya” inahusu ubora, na vyakula vingi vikavu hubaki vizuri baada ya siku hiyo. Baadaye yanakuja maswali ya kaya: kuna mtoto mchanga? Kuna mgonjwa wa kisukari? Wana jiko la kupikia? Kumpa unga mtu asiye na pa kupikia ni kumwongezea mzigo.

Vituo vingine vimeacha kufunga makapu na kupanga vyakula kwenye rafu, watu wachague wenyewe. Mimi naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Hupunguza chakula kinachotupwa kwa sababu hakikuifaa kaya iliyokipokea, na mtu anaondoka akiwa na heshima yake.

Kuna mipaka, na ni vizuri kuisema. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika ngazi ya maduka, migahawa na kaya, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, ambako benki ya chakula haina namna ya kukifikia. Wala haiwezi kuongeza mshahara au kumpa mtu kazi. Serikali ikiitumia kama kisingizio cha kupunguza misaada ya kijamii, watu wa kujitolea wanabebeshwa jukumu lisilo lao.

Anayetaka kuchangia aulize kwanza ni nini kimepungua, na asidharau kutoa fedha, kwani benki hununua kwa jumla na kupata kingi zaidi. Anayehitaji msaada apige simu kituo cha karibu aulize kama vocha au kitambulisho kinatakiwa. Vingi havidai chochote. Tena asisubiri akiba iishe kabisa: kwenda mapema, wakati kodi bado haijadaiwa, husaidia zaidi.