Mwili haulipuki ukikosa suti ya wanaanga katika anga za juu

Filamu za kutisha za anga za juu zimetuzoesha picha ileile: kioo cha kofia kinapasuka, mtu anafura kama puto, macho yanamtoka, kisha analipuka. Nyingine humgeuza barafu papo hapo. Yote mawili si kweli.

Ngozi ya binadamu ni imara na huvutika bila kupasuka. Damu nayo haichemki ndani ya mishipa, kwa sababu kuta za mishipa huibana. Kinachogeuka mvuke ni maji ya kwenye tishu laini, ulimi na macho, ndiyo maana mwili huvimba sana. Kuhusu kuganda, ombwe, yaani mahali patupu pasipo hewa, halina cha kubeba joto, hivyo mwili hupoa polepole.

Kinachoua ni kukosa oksijeni. Ndani ya sekunde 10 hadi 15 damu isiyo na oksijeni hufika kwenye ubongo na mtu huzimia. Mwaka 1966, katika kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, huko Houston, mpira wa hewa wa suti ya Jim LeBlanc, fundi aliyekuwa akiijaribu, ulichomoka akiwa ndani ya chumba cha ombwe. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. Jambo la mwisho alilokumbuka ni mate kuchemka ulimini. Hewa ilirudishwa haraka, akazinduka.

Kosa baya zaidi la filamu hizi ni shujaa anayebana pumzi. Hewa hiyo hutanuka na kuchana mapafu. Pumzi itolewe yote, mdomo ukiwa wazi, na hewa irudi kabla ya dakika moja na nusu hivi.