Je, wajua kwa nini ukishinda kesi ya ukimbizi Australia jaji hakupi viza?

Mtu ameomba viza ya hifadhi Australia. Idara ya uhamiaji imemkatalia, na baraza la rufaa nalo limemkatalia. Anamshtaki Waziri wa uhamiaji mahakamani, anashinda. Bado hana viza, maana jaji hana mamlaka ya kumpa.

Kuamua kama kweli utateswa ukirudishwa kwenu ni kazi ya afisa wa idara, kisha ya baraza. Hao ndio wanaokuhoji ulikimbia lini, nani alikutisha, kwa nini hukuhamia mji mwingine, na hao ndio wenye uamuzi wa kukuamini au kutokukuamini. Jaji anayepitia uamuzi huo anaangalia jambo moja tu: je, uamuzi ulifikiwa kwa kufuata sheria? Huenda yeye mwenyewe angekuamini. Lakini kama baraza lilikusikiliza inavyotakiwa na sababu zake zina mantiki, uamuzi unabaki palepale. Ndiyo maana barua mpya kutoka nyumbani inayothibitisha vitisho, hata iwe nzito vipi, kwa kawaida haimsaidii mtu hapo mahakamani.

Kosa la kisheria lenyewe huwaje? Chukua kesi ya SZBEL ya mwaka 2006. Herufi hizo zinasimama badala ya jina, kwa kuwa sheria inazikataza mahakama kuchapisha jina la mwombaji wa hifadhi. Alikuwa baharia Mwirani aliyeshuka melini Australia, akidai angeteswa kwao kwa kuvutiwa na Ukristo. Mbele ya baraza alisimulia upya yaliyompata, hakuna aliyemwambia kuwa anatiliwa shaka. Uamuzi ulipotoka, akakuta vipengele vitatu vya simulizi yake vimeonekana haviaminiki, ilhali afisa wa mwanzo hakuwa amelikataa ombi kwa sababu ya vipengele hivyo. Angejibuje shaka asiyoijua? Mahakama Kuu ya Australia, iliyo ya juu kabisa nchini humo, ilisema alinyimwa haki ya kusikilizwa, ikautengua uamuzi. Haikusema kwamba alisema kweli.

Si kila kosa linatosha, lakini. Tarehe iliyokosewa au tafsiri mbovu ya mkalimani haiuangushi uamuzi kama isingeweza kubadilisha matokeo.

Serikali iliwahi kujaribu kuufunga mlango huu wa kwenda mahakamani. Mwaka 2001 Bunge lilitunga kifungu kilichosema maamuzi ya uhamiaji ni ya mwisho na hayapingwi mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama Kuu, katika kesi ya S157, ikakitafsiri kwa namna iliyokipunguza nguvu: uamuzi uliovuka mipaka ya mamlaka si uamuzi machoni pa sheria, hivyo kifungu hakiwezi kuulinda. Na mamlaka ya Mahakama Kuu kuwadhibiti watumishi wa serikali yamo kwenye Katiba, ambayo Bunge peke yake haliwezi kuibadilisha.

Kilichobaki kikali ni muda. Maombi yanapelekwa mahakamani ndani ya siku 35, na zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi wa baraza, si siku ulipousoma. Jaji anaweza kuongeza muda, ila lazima umpe sababu.

Ukishinda, faili linarudi barazani kusikilizwa upya. Huko ile barua ya nyumbani sasa inapokelewa, na hali ya nchi yako inatazamwa ilivyo leo. Baraza linaweza kukukubalia. Linaweza pia kukukatalia tena, safari hii bila kosa la kisheria.